Maziwa Lala ya Nguruwe

Kaplong
Jumapili, 3 Machi 1974

Kwa rafiki yangu Cherotich, Mama Chepkosgei,
kwa mkono wa ndugu yako Chepyegon, dukani kwake Mulot.

Hapa kwetu tuko wazima isipokuwa wale wamepigwa. Wewe ndio wa kwanza. Wa pili ni Madam, ile nguruwe yangu kubwa. Wa tatu ni bwana yako Kipsang mwenyewe, maanake Madam alimuuma. Sasa kaa chini nikwambie, kwa sababu wewe ulizirai mapema ukakosa mambo yote.

Ile rungu alikupiga ya taya, mimi nilisikia mlio nikiwa kwangu naosha sufuria. Nikafikiri ni mtu anapasua kuni. Kuja kuchungulia kwa ua, nakuona umelala kwa mlango na damu inatoka mdomo na masikio, na Kipsang anarukaruka juu yako akisema kibuyu, kibuyu, kibuyu. Nikapiga nduru mpaka koo ikauma. Basi yeye akakuacha, akachukua panga, akaruka ua akaja kwangu. Mimi nani? Nilipanda juu ya dari ya jikoni na unene yangu yote! Hata leo sijui nilipitia wapi.

Alienda moja kwa moja kwa nyumba ya nguruwe. Akakata Madam sikio, ikaanguka. Akamkata mgongo mara mbili. Watoto wawili wa nguruwe akawapasua katikati kama papai. Lakini Madam si mtu wa mchezo. Alimshika paja hapa juu, akatingisha kama mbwa na tambara, Kipsang akalia mama! mama! mtu mzima na ndevu. Ndio watu wakafika, ndio tukakubeba kwa machela mpaka misheni. Sista akasema taya imevunjika mahali pawili na mbavu tatu.

Chepkosgei alikuwa chini ya kitanda yangu. Nilimpa viazi akakula. Asubuhi baba yake akaja akichechemea akamchukua. Ningefanya nini? Alikuwa bado na panga.

Sasa habari nzuri. Wale watoto saba wa Madam walibaki hawaharishi hata mmoja! Unakumbuka Januari vile walikuwa wanaharisha maji ya kijivu, wananuka mpaka kanisani watu wananitazama? Na Bwana Momanyi wa mifugo ananiambia, ongeza ile dawa ya njano kwa unga, Mama Gichana, kijiko moja. Nikaongeza. Wakafa wawili. Ongeza vijiko viwili. Wakafa wengine wawili. Vijiko vitatu! Unga ikawa njano kama manjano ya pilau na bado wanaharisha. Ugonjwa imezoea ile dawa, inaikula kama chai. Ni wewe uliniambia kwenu ndama akiharisha mnampa maziwa lala na makaa ya senetwet, ile mti mnachoma mnasugua ndani ya kibuyu. Ukanipa mkebe ya kwanza. Siku ya nne mavi ikawa ngumu, nikaimba.

Watu wanaulizana nani alimwambia Kipsang. Sijui ni mdomo ya nani. Watu wa hapa wanaongea sana.

Kula upone.

Ni mimi rafiki yako,
Marcella Nyatichi, Mama Gichana


Mulot
14 Machi 1974

Mama Gichana,

Barua nimepata. Siwezi kuongea. Taya imefungwa na kitambaa mpaka juu ya kichwa. Nakunywa maziwa na uji kwa kijiko, kama nguruwe yako.

Nataka kuuliza kitu moja. Wakati Kipsang alikuwa ananipiga alisema nguruwe imeweka mdomo kwa kibuyu ya baba yake. Ile ya shanga, inakaa kwa ukuta juu ya kitanda. Hiyo hata mimi sishiki ovyo. Baba yake alimwachia akikufa. Yeye peke yake anakunywa, na wageni wake.

Mimi nilikupa maziwa kwa mkebe ya mafuta. Kila siku mkebe. Sasa kibuyu ilifikaje kwa nguruwe?

Nilipigwa na sijui kwa nini nilipigwa. Hiyo inanisumbua kuliko mbavu.

Niambie mtoto anakula nini.

Cherotich


Kaplong
Jumapili, 24 Machi 1974

Kwa Mama Chepkosgei mpenzi,

Wee! Barua yako fupi kama ya serikali. Lakini nimefurahi unashika kalamu.

Hapa kumekuwa na vita. Jumatano tulikuwa pale tunapimia majani ya chai, watu wamepanga laini, bwana yangu Nyang'au alikuwa amekuja likizo kutoka Kericho. Kipsang akafika na vikapu vyake. Nyang'au akamwambia, "Wewe unakata nguruwe yangu panga, sasa mbona hukuja nikiwa nyumbani?" Kipsang akasema, "Nguruwe yako na bibi yako ni kitu moja." Jameni! Nyang'au alichukua ile chuma ya mizani, akampiga nayo bega, tukasikia kah! Kipsang akamrudishia na kichwa, meno mbili zikatoka. Majani ikamwagika, watu wakakanyaga, karani akapanda juu ya lori akifunika vitabu vyake. Syprose bibi ya Kebaso akajaribu kuwatenganisha akapigwa teke ya tumbo. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kikapu nione vizuri.

Sasa nguruwe. Nimepunguza dawa ya njano! Kwanza kutoka vijiko vitatu mpaka moja, halafu nusu, nikaona hakuna kuharisha, sasa wiki hii hakuna kabisa. Maziwa nanunua kwa mama mwingine, naacha ilale siku tatu. Makaa yako ile uliniachia kwa gunia nasaga na jiwe laini kabisa mpaka iteleze kwa vidole kama poda ya mtoto. Kijiko moja ya makaa kwa mkebe moja ya maziwa, nachanganya na pumba ya mahindi. Wanakula wakigombana. Midomo nyeusi nyeusi, ungecheka. Bwana Momanyi alikuja akasema nitaua wote. Akaangalia mavi na kijiti. Akaangalia tena. Akaniuliza nimewapa dawa ya nani.

Mvua imeanza, barabara imeharibika. Chepkosgei nilimwona kwa mto, mkono yake imechomwa hapa chini ya kiwiko, alisema ni uji. Mahindi imeota vizuri ile ya mapema. Madam sikio imepona, sasa anasikia na upande moja kama mzee wa kanisa.

Mambo ya kibuyu hata mimi inanishangaza. Pengine ni huyo Syprose aliongea maneno, mdomo yake haina mlango.

Ni mimi,
Mama Gichana


Mulot
29 Machi 1974

Mama Gichana,

Umeandika kurasa tatu. Kwa nguruwe umeandika moja nzima. Kwa kibuyu umeandika mistari miwili.

Mkono ya mtoto umeweka katikati ya mvua na mahindi. Uji haichomi chini ya kiwiko. Nilimzaa, najua vile anashika uji. Nani alimchoma?

Sikiliza. Chepyegon alienda huko kuomba mtoto. Wazee wa kokwet, baraza ya kijiji, walimwambia watakaa Jumamosi tarehe sita Aprili, pale chini ya shule. Kipsang amesema mimi nilipeleka kibuyu ya baba yake kwa nguruwe ili yeye aibike na afe. Kama wazee wataona ni mimi, mtoto anabaki kwake na sitaruhusiwa hata kumwona kwa barabara. Kama si mimi, mtoto anakuja kwangu mpaka awe mkubwa.

Mimi siwezi kufungua mdomo niseme. Hata nikifungua, nitasema nini? Sijui.

Wewe unajua kila kitu inatendeka kutoka hapo mpaka Sotik. Unajua nani alijifungua, unajua ni ya nani. Hii moja tu hujui?

Cherotich


Kaplong
Jumanne, 2 Aprili 1974

Cherotich,

Nimeanza hii barua mara nne nikachoma jikoni.

Ni mimi.

Ile siku ulienda kuchuma chai ile shamba ya mbali, mkebe ulinipa asubuhi ilikuwa imekwisha. Na kale kadogo, kale ka mwisho, kalikuwa kamelala kamenyoosha miguu. Nikakimbia kwako, hodi hodi, hakuna mtu. Maziwa yako yote ulikuwa umepeleka sokoni. Nikaangalia kwa ukuta nikaona ile kibuyu. Nikaitingisha, imejaa. Nikasema nitachukua kidogo tu. Lakini sikubeba mkebe, si unajua haraka. Nikabeba kibuyu yenyewe chini ya leso.

Nilitaka kumwaga kwa sahani. Naapa. Lakini hako kalikuwa hakawezi kusimama. Nikakapakata, nikaweka mdomo ya kibuyu kwa mdomo yake. Kakanyonya, Cherotich, kama mtoto wa mtu. Macho kakafungua hapo hapo. Halafu Madam naye akaja kwa upande akalamba shingo ya kibuyu na shanga zote, nikamfukuza. Nikaosha nje na maji, maziwa bado ndani, nikarudisha kwa ukuta.

Hiyo jioni Kipsang alikuwa na wageni watatu na wakakunywa hiyo maziwa mpaka ikaisha.

Ningenyamaza ingeisha hapo. Lakini kesho yake pale kwa kupima majani, wanawake wanapiga hadithi, kila mtu ana yake, mimi nikasikia mdomo inawasha. Nikasema, "Jana Kipsang amekunywa kikombe moja na nguruwe yangu! Na ameramba midomo!" Walicheka wakaangusha vikapu. Nilicheka mimi kuliko wote. Syprose aliniambia nyamaza. Ni yeye tu aliniambia nyamaza, na ndiye nilikuandikia ati ndiye alisema. Mmoja wa wale wanawake bwana yake alikuwa mgeni hiyo jioni.

Kwa hivyo ile rungu ilikuwa ya taya yangu.

Nyang'au anajua. Nilimwambia jana. Akanipiga na mpini ya jembe, mgongo yangu sasa ni ramani. Akasema nikifungua mdomo kwa kokwet Kipsang atatuua wote, na sisi ni wageni hapa, watatufukuza turudi kwetu na hata nguruwe hatubebi. Anasema wacha hiyo maneno ikufe na wewe, yule ni mtoto yake, baba hawezi kuua mtoto yake.

Ulitaka kujua mkono. Ni chuma ya kupiga pasi. Kipsang alikuwa amemwuliza, "Mama yako yuko wapi?" na mtoto akasema Mulot.

Nitaenda Jumamosi. Nimechagua leso ya bluu. Kama naenda kuuawa sitaki kuonekana mchafu.

Usinijibu. Naogopa barua yako kuliko Kipsang.

Marcella


Kaplong, hospitali
21 Aprili

Cherotich,

Usishangae mwandiko. Naandika na kushoto. Inachosha. Kwa hivyo hii itakuwa fupi kama yako.

Nilisema. Wazee walikuwa kumi na moja. Nilisimama mbele yao nikasema yote, hata kulamba shanga. Mzee mmoja alicheka kidogo akajifunika na kofia. Wengine hapana.

Kipsang aliniuliza, "Na ni wewe ulicheka?" Nikasema, "Ni mimi nilicheka." Nikainua mkono ya kulia niape. Alikuwa na sime chini ya koti. Vidole vinne. Gumba imebaki. Niliona vimelala kwa majani, nikafikiri, kumbe vidole vyangu ni vifupi hivi.

Alirudia ya pili kwa shingo. Hiyo haikufika. Nyang'au alimpiga na kiti ya mwalimu, ile ya mbao, mara nyingi sana. Nikamwuliza hapo hapo si ulisema nisiende. Akasema ati yeye peke yake ndio ana ruhusa ya kunipiga. Mwanaume huyo! Polisi wakachukua wote wawili. Nasikia wako seli moja. Sijui wanaongea nini.

Wazee walikaa tena na damu yangu bado pale chini. Wakasema Cherotich hana kosa. Wakampa Chepyegon mtoto hapo hapo. Nilimwona mtoto akipanda lori. Alikuwa anakula muwa. Hiyo ndio niliona mwisho, halafu nikalala.

Sisi hawajatufukuza. Bado wanafikiri.

Jambo ya nguruwe. Nitatoka hapa Alhamisi. Syprose analisha, lakini anasema makaa imeisha na wawili wameanza tena kuharisha kidogo, kwa vile ndio wameachishwa kunyonya. Bwana Momanyi alikuja mpaka kwa kitanda yangu. Hakuleta hata ndizi. Amebeba daftari. Ananiuliza maziwa ngapi, makaa ngapi, siku ngapi. Kwa sababu watu wengine dawa ya njano pia imewashinda. Anasema mpaka nipate makaa, nirudie dawa kijiko moja. Nikamwambia mimi si mwenye hiyo kitu. Mwenyewe yuko Mulot na amevunjwa taya kwa sababu yake. Andika jina yake hapo juu kwanza ndio nikwambie. Akaandika. Nilihakikisha. Nilimfanya anisomee.

Siulizi kama umenisamehe.

Mkono inawasha mahali vidole havipo. Nikitaka kuikuna nakuna hewa.

Marcella


Mulot
30 Aprili 1974

Mama Gichana,

Mtoto amefika. Analala na mimi. Akisikia mbwa anaingia chini ya kitanda. Mkono inapona.

Kitambaa wametoa. Naongea kidogo, upande moja.

Sijakusamehe. Nimejaribu mbele ya Mungu mara mbili, haijakuja. Wakati nasoma ile mahali ulisema ulicheka kuliko wote, nilitupa barua kwa matope. Halafu nikaenda kuitafuta.

Usirudie dawa ya njano. Usiogope kuharisha kwa kuachishwa, hata ndama hufanya hivyo. Pumba punguza nusu kwa siku tatu. Maziwa wape asubuhi na jioni, kidogo kidogo, si mara moja. Mimi nimekuwa nakunywa hiyo hiyo wiki tisa, najua vile tumbo inasikia.

Nimechoma makaa ya senetwet. Gunia moja, imejaa. Lakini lazima isagwe laini, na hiyo jiwe inataka mikono miwili. Syprose hajui. Wewe huwezi.

Nitakuja kusaga mwenyewe. Nitashuka na lori ya ng'ombe ya Chepyegon, Jumanne ijayo kabla jua haijatoka, nipitie nyuma kwa mto. Nitakaa siku moja. Kipsang yuko ndani, lakini ndugu zake wanne wako nje, na wamesema wakiniona upande huo wa barabara watamaliza ile alianza.

Ni mimi na wewe tu tunajua siku.

Mara hii, Mama Gichana, usiambie mtu.

Cherotich